Kutoka Kariakoo Hadi Bongoyo kwa Mashua



Katika nyumba moja ya Mtaa wa Sikukuu, hapa Kariakoo, kijana mmoja katika jamaa zetu alituonyesha katika simu yake picha za ziwa Como, lililoko kaskazini ya nchi ya Italia. Palikuwa na mashua ndogo yenye watu wasiozidi kumi, imetulia juu ya maji, na pembeni milima na majumba ya kale. Akatueleza kwamba wageni hutoka pande zote za dunia na kulipa fedha nyingi ili wapandishwe mashua kama hiyo wakiwa wachache, wazungushwe saa mbili tatu na kuonyeshwa miji ya kando ya ziwa. Kisha akasema kwa masikitiko, "Sisi hatuna bahati hiyo."

Tukamwuliza, "Mwanetu, wewe umezaliwa Kariakoo na sasa una miaka kumi na tisa. Je, umepata kuuona mji wa Dar es Salaam kutoka baharini?" Akanyamaza. Tukawageukia wote waliokuwapo barazani, wakubwa kwa wadogo. Mjomba wake, ambaye zamani alifanya kazi bandarini, ndiye peke yake aliyejibu naam. Wengine wote, ingawa wanaishi kiasi cha kilomita 3 tu kutoka pwani, hawakupata kuingia chomboni, ila wachache waliovuka kwenda Kigamboni kwa pantoni. Jambo hilo lilitutia haya, na ndilo lililotufanya tutengeneze safari ndogo ambayo leo twataka kuwasimulia. Tena twataka kuwasimulia na kosa letu, kwani huenda likamfaa mtu kuliko uzuri wa yote tuliyoyaona.

Sisi ndio tuliopewa kazi ya kukusanya michango na kutafuta mashua. Tulimpata nahodha mmoja mtu mzima, mwenye mashua ya injini, ambaye cheti chake cha ukaguzi kiliandikwa abiria 12. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwataka kwenda mwezi ngapi?" Tukamjibu kwamba twataka mwezi wa kumi na moja, kabla kaskazi haijavuma kwa nguvu. Akacheka akasema, "Siulizi mwezi wa kalenda ya ofisini, nauliza mwezi wa mbinguni."

Akatufundisha jambo ambalo yafaa kila nyumba ilijue. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bahari huwa na bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Siku hizo, yapata saa 4 asubuhi, maji huwa yamekupwa mbali, na mwenye kushuka kisiwani hulazimika kutembea juu ya matumbawe makali. Lakini ukifika mwezi nane au tisa, na tena ishirini na mbili au ishirini na tatu, huwa maji mafu. Bahari haiendi mbali, na saa hiyo hiyo ya 4 asubuhi hukuta maji yamejaa, mashua ikakufikisha mpaka mchangani. Basi kumbe ile kalenda tunayoitundika ukutani kwa ajili ya Ramadhani na sikukuu ni kalenda ya mabaharia pia! Tukachagua siku iliyoangukia mwezi nane.

Siku hiyo tulisali alfajiri katika Msikiti wa Mtoro, kisha tukakusanyika na makapu yetu ya maandazi, ndizi mbivu, chupa za chai na maji ya kunywa. Wachukuzi walikwisha anza kazi sokoni, wamejitwika magunia na kupiga kelele za kuombwa njia. Tuliwaeleza watoto kwamba hata jina la mtaa wetu ni jina la wachukuzi: Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, mahali hapa palikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza neno hilo likawa Kariakoo. Tukafuata Mtaa wa Uhuru, tukapita Mnazi Mmoja, tukaingia Barabara ya Samora mpaka kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka waliopigana na waliobeba mizigo katika vita hivyo. Kutoka hapo tukateremka pwani, na harufu ya soko la samaki la Feri ikatupokea.

Hapo pwani ya Magogoni ndipo kosa letu lilipodhihiri. Orodha yetu ilikuwa na majina 12, nayo yalikuwa kamili. Lakini mama mmoja alikuja na watoto wake wawili, wa miaka minne na sita, ambao hatukuwaandika. Tulijua kwamba watakuja. Tulisema moyoni kwamba hao ni wa kupakatwa, hawana hesabu. Nahodha akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akafika kumi na wanne. Akasema, "Wawili watabaki."

Tulianza kumsihi. Tukamwambia kwamba bahari imetulia kama mafuta katika bakuli. Kwamba watoto wale wawili hawafiki uzito wa mtu mzima mmoja. Kwamba sote tunamtegemea Mwenyezi Mungu. Alitusikiliza kwa adabu mpaka tukamaliza, kisha akajibu, "Mabwana, bahari haina nusu mtu. Kila mwenye roho ni mmoja."

Akatukumbusha kwamba tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit iliondoka katika bandari hii hii ikielekea Unguja, ikapinduka kwa upepo mkali karibu na kisiwa cha Chumbe. Akatukumbusha na kivuko cha Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliofariki peke yao walikuwa zaidi ya 200. "Siku ile pia," alisema, "hapakukosa mtu aliyesema: huyu mmoja tu."

Tulikosa la kujibu. Ni nani asiyeijua habari ya yule mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kutegemea Mungu, naye akafundishwa amfunge kwanza kisha ndipo ategemee? Habari hiyo twawasomea watoto vyuoni, na siku ile sisi wenyewe, wenye mvi, tulitaka kumwacha ngamia bila kamba kwa sababu ya kuona haya kumwambia jamaa yetu kwamba nafasi hazitoshi.

Yule mama akasema atarudi nyumbani na watoto wake. Watoto wakaanza kulia. Hapo ndipo yule kijana wa picha za Italia, ambaye safari yote ilifanywa kwa ajili yake, alipovua jaketi okozi alilokwisha livaa, akamkabidhi baharia na kusema, "Mimi nitakwenda siku nyingine." Mjomba wake akamtazama kidogo, akatoka na yeye majini huku akisema kwamba bahari amekwisha iona ya kumtosha. Baharia akaleta majaketi mawili madogo, watoto wakavalishwa. Tuliondoka yapata saa 2 asubuhi, tukasoma dua ya kupanda chombo iliyofundishwa katika Suratu Zzukhruf, na kila tukitazama nyuma tuliwaona wale wawili wamesimama mchangani.

Ama mji wetu, ukiutazama kutoka majini, hubadilika sura. Kelele zote hubaki nchi kavu. Uliona paa jekundu la kanisa la Azania Front na mnara wa kanisa la Mtakatifu Yosefu, majengo ya Wajerumani ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, yakionekana mafupi mbele ya maghorofa ya leo. Upande wa ndani, karibu na gati la boti za Unguja, lipo Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860, wakati Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipoanzisha mji huu kando ya kijiji cha Mzizima na kuupa jina la bandari ya salama. Sayyid Majid alifariki mwaka 1870, na mji wake ukadorora mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu yao mwaka 1891.

Mtu akipita mlango wa bandari ndipo afahamu kwa nini Sultani alipachagua mahali hapa. Mlango ni mwembamba, na ndani maji yametulia kama yaliyo katika birika. Mwaka 1914 Wajerumani walizamisha gati lao la kuelea katika mlango huo ili kuwazuia Waingereza. Tukaiacha Ikulu ya Magogoni upande wa kushoto, na visiwa vya Makatumbe upande wa kulia, na mara mawimbi ya bahari kuu yakaanza kuinua mashua kwa upole.

Omo ikaelekea kaskazini, na nahodha akatuambia jambo lililowafurahisha watoto mno: katika mji wetu kibla ni kaskazini, karibu sawasawa, basi mashua yetu ilikuwa ikienda kama inayoelekea Makka. Tuliiona hospitali nyeupe ya Ocean Road, tukaliona daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022 likipita juu ya maji katika ghuba, kisha ufukwe wa Coco na rasi ya Msasani. Baada ya saa moja na kitu tukafika Bongoyo, maji yamejaa kama tulivyoahidiwa, na watoto wakaruka wakatua mchangani.

Bongoyo ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, chenye vichaka, mibuyu, mikoko upande mmoja na mchanga mweupe upande mwingine. Pamoja na Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, kiliwekwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na kila mgeni hulipa kiingilio. Haifai kuokota makombe wala kuvunja matumbawe. Bahari hii imekwisha dhulumiwa vya kutosha na wavuvi wa baruti, ambao mlipuko wao mmoja huua samaki pamoja na nyumba zao, na matumbawe huchukua miaka mingi kuota tena.

Uzuri wa kwenda wachache tuliuonja hapo. Akina mama walijitafutia pembe yao yenye kivuli, wakaogelea na binti zao kwa stara. Wazee walikaa mkekani wakanywa chai. Watoto walikuwa kumi na mbili macho yakiwatazama. Adhuhuri tulisali jamaa, rakaa nne kamili, kwani mwendo wetu haukufika hata robo ya masafa ya kupunguza sala, ambayo kwa wanachuoni wa Shafii ni kilomita 80 na zaidi. Baada ya chakula tuliokota taka zetu zote na baadhi ya zile tulizozikuta, tukazitia katika makapu. Saa 8 nahodha aliutazama upepo, akatuita.

Tulipoingia tena bandarini tuliwakuta wale wawili wakitungoja Magogoni. Hawakurudi nyumbani. Walikuwa wamevuka kwa pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, zaidi ya mara moja, na mjomba alimwonyesha mpwawe kila gati alilopata kufanyia kazi. Tulimwomba kijana radhi mbele ya wote, kwani kosa lilikuwa letu na gharama akailipa yeye. Akatuambia, "Nilikuwa juu ya pantoni mlipokuwa mkitoka mlangoni. Mlikuwa wadogo kama kifuu cha nazi. Ndipo nikaona kwamba yule mzee alisema kweli."

Wasomaji wetu, twawashauri mwende. Bahari ya mji wetu haihitaji pasi wala ndege. Lakini kabla hamjapanda, ombeni mwonyeshwe cheti cha chombo, ambacho siku hizi husimamiwa na TASAC, hesabuni majaketi okozi, na kila mtu avae lake tangu pwani, ondokeni asubuhi, kabla ya upepo wa mchana, tazameni mwezi. Na mwandikapo majina, mwandikeni na mtoto wa kupakatwa. Nahodha akiwaambia mmezidi, msimsihi. Mshukuruni, kwani amana aliyoichukua ni roho zenu.

Sisi tumekwisha andika orodha ya safari ya pili, inshallah mwezi nane mwingine. Majina ni 12, na mawili ya kwanza ni ya kijana na mjomba wake.

Wabillahi taufiki.