Kuvuka Athi na Watoto

Kwetu Ukambani, kazi kwa muda mrefu imekuwa na maana ya mmoja kuondoka na wengine kubaki. Mwanamume hupanda basi kwenda Mombasa, Nairobi au kambi ya jeshi, mkewe akabaki na shamba, mbuzi na watoto. Baba yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini utoto wangu wote. Sisi tulikuwa Mutomo, kusini mwa Kitui, na tulimwona Krismasi, na Agosti mwaka ukiwa mzuri. Alitulipia karo hadi mwisho, akajenga nyumba ya mawe, hakutusahau hata mwezi mmoja. Lakini alipostaafu na kurudi, mimi nilikuwa nimeshaingia chuo cha uuguzi, na mazungumzo yetu yakawa ya watu wanaoheshimiana sana bila kujuana.

Ndiyo maana barua ya ajira ya Kaunti ya Makueni iliponifikia mwishoni mwa 2023, nilikuwa na jibu kabla sijamaliza kuisoma. Nitakwenda, na watoto watakwenda nami.

Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kuhama kaunti si jambo la barua moja kutoka Nairobi. Muuguzi wa Kitui anayetaka kazi Makueni huomba upya, akakaa mbele ya meza ya mahojiano kama mtu ambaye hajawahi kushika sindano. Mkataba wangu Kitui ulikuwa ukingoni. Makueni walinipa ajira ya kudumu na pensheni, kituo Kibwezi. Tena kaunti hiyo nilikuwa nikiitazama kwa hamu tangu 2016, ilipoanzisha MakueniCare chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kila familia ikichangia shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Muuguzi yeyote aliyewahi kumpokea mgonjwa aliyechelewa nyumbani kwa kuogopa bili ataelewa kwa nini jambo hilo lilinigusa.

Mume wangu ni mwashi. Nilipomwonyesha barua, alisema mwiko na timazi havina kaunti, akaenda kumaliza ukuta wa mtu.

Kazi ilikuwa kwa mama mkwe. Tuliishi naye nje kidogo ya mji wa Kitui, watoto wakilala kwake kama kwetu, na hoja zake hazikuwa za ukaidi. Kwanza, pojo. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya Oktoba hadi Desemba, na shamba lilikuwa limejaa maganda mabichi yatakayotaka kuvunwa sisi tukiwa tumeondoka. Pili, mito. Mwaka huo wa El Niño kila korongo lilikuwa limegeuka mto, na hakuna mtu wa Kitui aliyesahau Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliposombwa na mto Enziu karibu na Mwingi, watu zaidi ya 30 wakafa. Tatu, na hili ndilo lililonichoma: “Wakikulia kwenye nyumba ya kupanga, watajuaje kaburi la umau wao, babu yao, liko wapi?”

“Mwaitu,” nikamwambia, “mimi nilikulia kwenye ardhi yetu, kila kaburi nalijua. Baba yangu ndiye sikumjua.”

Hakujibu. Asubuhi nilimkuta ameketi uani na sindano ya shazia, akishona magunia ya kupakia vyombo. Nilipokaribia akaanza kunipa masharti, bila kuinua kichwa. Mume wangu atarudi kuvuna. Watoto watakuja kwake kila likizo. Na godoro lake halitoki.

Tuliondoka kabla ya mwaka mpya, alfajiri, kwa lori la Canter la kukodi. Kuhamisha nyumba hukuonyesha ulivyonavyo: vitanda vilivyofunguliwa vipande, kabati lililokataa kupita mlangoni, mtungi wa gesi, madumu ya maji, kuku wawili wa binti yangu mdogo aliyeapa hatapanda gari bila wao. Mume wangu na utingo walikaa nyuma juu ya magodoro chini ya turubai. Mimi na watoto watatu tulibanana mbele na dereva, mzee wa makamo aliyekuwa akipita njia hiyo tangu enzi za vumbi.

Barabara ya Kibwezi, Mutomo, Kitui hadi Migwani ina urefu wa kilomita 192, na lami yake ni ya miaka ya karibuni tu. Asiyeijua ilivyokuwa hawezi kuithamini. Baba yangu alipotoka Mombasa alishukia Kibwezi, kando ya barabara kuu, kisha akasubiri lori au basi la kumvusha hadi kwetu. Mvua ikiwa nyingi, hakuna lililokuja. Mama angeambiwa na mtu aliyemwona, “Mzee yuko Kibwezi,” nasi tungelala na nguo za Krismasi tukidhani atabisha hodi usiku. Kibwezi tuliichukia bila kuiona. Sasa nilikuwa naenda kuishi huko, na lori lilikuwa likiteremka kusini bila kuyumba, dereva akinywa chai kwa mkono mmoja, jambo nililomwomba aliache.

Sijawahi kuona Kitui ya kijani namna ile. Wasiotujua hutuandika kama watu wa ukame na magunia ya msaada, lakini baada ya Ikanga mashamba yalikuwa yamefunika hadi kingo za lami, kunde zimetambaa, mtama umesimama, mahindi yamebeba. Pale kwenye vijito nilimwonyesha kifungua mimba wangu mabwawa ya mchanga, kuta fupi za zege zinazozuia mchanga ili maji yajifiche ndani yake mpaka kiangazi. Kitui inajulikana duniani kwa kuta hizo, na baba yake amejenga kadhaa.

Mutomo tulisimama kwa mama yangu. Alikuwa amepika chai ya maziwa na viazi vitamu tangu saa kumi na moja. Alilizunguka lori polepole, akakagua kamba, akamtazama mkwewe akishuka kutoka juu ya magodoro, nguo zimejaa manyoya ya kuku. “Mimi nilikuwa nikimfungia mume wangu sanduku,” akasema. “Wewe umefunga nyumba nzima.” Kisha akaingia ndani, akatoka na kiondo chenye asali ya kwao na pakiti za chumvi, kana kwamba Makueni hakuna maduka. Aliniambia jambo jingine ambalo sikulitarajia: kwamba baba aliwahi kumwita Mombasa tukiwa wadogo, chumba kimoja Changamwe, naye akakataa kwa sababu ya shamba na mkwewe. Hakusema kama anajuta. Alimfunga binti yangu kamba za viatu, akatuambia twende kabla jua halijawa kali.

Kupita Ikutha nchi inashuka, joto linapanda, mibuyu inaanza kusimama peke yake porini. Hapo unavuka tambarare ndefu ya Yatta, iliyotokana na lava ya kale iliyotiririka karibu kilomita 300 kufuata bonde la mto, mmoja wa mitiririko mirefu kabisa ya lava inayojulikana duniani. Nyuma ya Yatta ndipo mto Athi ulipo.

Wazee wetu husimulia kwamba Wakamba walikaa kwanza milima ya Mbooni, ambayo sasa iko Makueni, kisha baadhi wakavuka Athi kuelekea mashariki wakitafuta ardhi na mawindo, nao ndio wakawa watu wa Kitui. Nililifikiria hilo wakati lori lilipokuwa likilikaribia daraja. Hakuna aliyevuka wakati huo akimwacha mke ng'ambo. Walivuka na mbuzi, vibuyu, wazee na watoto mgongoni. Desturi ya mtu mmoja kwenda kutafuta mshahara na wengine kubaki ni changa kuliko tunavyodhani. Ililetwa na kodi ya mkoloni, reli na bandari, ikatuzoea nasi tukaizoea.

Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai yenye maziwa, umebeba magogo na chupa za plastiki. Watoto walinyamaza. Mimi kama muuguzi siwezi kuutazama Athi bila kukumbuka kwamba Mto Nairobi unamwaga humo taka za jiji, na kwamba wanaoishi huku chini ndio wanaoyachota maji hayo. Juu zaidi, mpakani mwa kaunti hizi mbili, bwawa la Thwake lilianza kujengwa 2018, na matumaini ya watu juu yake ni makubwa. Lakini maji mengi si lazima yawe maji safi, na nitalisema hilo kwa yeyote atakayenisikiliza. Kutoka hapo mto unaendelea, unaitwa Galana, halafu Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi.

“Hapa ni Makueni?” binti yangu akauliza tulipotoka darajani. Nikamwambia ndiyo. Akatazama udongo ule ule mwekundu, mibuyu ile ile. “Mbona hawajabadilisha kitu?”

Kibwezi ilitupokea kwa joto la adhuhuri, mashamba ya mkonge na ngurumo za malori ya Mombasa. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya vyumba viwili, bati jipya, mfereji uani. Kabla ya kufungua vitanda nilitundika vyandarua. Mume wangu alidhani ni haraka ya bure, lakini nilikuwa na sababu niliyojifunza chuoni. Mwaka 1891 wamisionari wa Kiskoti walifungua kituo chao hapa hapa Kibwezi. Malaria iliwaandama, baadhi wakafa, na mwaka 1898 kituo kikahamishiwa Kikuyu, penye baridi. Kutoka huko likakua kanisa la PCEA, na Hospitali ya Kikuyu nayo. Wale hawakuwa wamejua kwamba mbu ndiye mwenezaji. Ugunduzi wa Ronald Ross ulikuja 1897, umechelewa kwao. Sisi tunajua, na chandarua ni bei ya kilo chache za sukari. Wiki yangu ya kwanza wodini nilipokea watoto wenye homa, na kila mama nilimuuliza swali moja kabla ya mengine yote.

Januari kifungua mimba alianza Gredi ya 7, na wenzake wakamcheka matamshi yake ya Kikitui kwa siku chache mpaka alipowafunga mabao. Mume wangu alivuka Athi kurudi kuvuna pojo kama alivyoahidi. Zamani hiyo ingekuwa safari ya kuaga. Yeye alipanda matatu asubuhi, akala chakula cha mchana kwa mamake, na baada ya mavuno akarudi na magunia, akapata kazi ya kujenga kibanda cha maji kwa mtu wa Makindu. Sidai kwamba lami inamaliza kila kitu. Kuna jioni nyingi bado tunakula bila yeye. Lakini watoto wanajua harufu ya saruji kwenye nguo zake, na wananigombeza mimi zamu ya usiku inapozidi.

Likizo ya Aprili 2024 watoto walikwenda kwa Susu, bibi yao wa Kitui, na mafuriko yakampendelea. Shule zilizokuwa zifunguliwe 29 Aprili zilisogezwa mbele mpaka 13 Mei, akawapata wajukuu wiki mbili zaidi. Aliwapeleka kaburini kwa umau wao, wakapalilia pembeni na kupanda mwarobaini. Kisha, bila kutuambia, akapanda matatu nao kuja kuiona nyumba ya kupanga kwa macho yake.

Alikagua mfereji, akavuta chandarua kuona kama kimefika chini ya godoro, akauliza kodi ni kiasi gani na akanyamazia jibu. Siku ya tatu alianza kupima uani kwa hatua, kisha akamwendea mwenye nyumba mwenyewe na kumwomba ukingo wa ukuta apande mbegu za kunde. Walielewana. Asubuhi ya kuondoka aliniita kando. “Oktoba nakutaka shambani,” akasema. “Si yeye. Wewe. Upande kwa mkono wako na watoto wakuone.” Nimeshapeleka fomu ya likizo yangu ya mwaka kwa msimamizi wa wodi, na nimeomba wiki ambayo mvua huanza.