Kozi ya Lazima kwa Wote

Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Msemo huo ulimrudia mhadhiri mmoja wa mjini Nyeri alipotakiwa na kitivo chake kuandika upya malengo ya Stadi za Mawasiliano, mojawapo ya kozi ambazo kila mwanafunzi hana budi kuzisoma, awe wa uhandisi, wa uuguzi au wa biashara.

Muhtasari wa zamani ulisema kwamba mwanafunzi "atafahamu umuhimu wa mawasiliano". Je, kufahamu huko hupimwa vipi? Kwa miaka mingi wanafunzi waliujaza ukumbi, wakakariri aina za mawasiliano, wakafaulu, kisha wakasahau.

Mhadhiri alimkumbuka mwanafunzi wa uhandisi, mzaliwa wa Busia, aliyepata alama za juu katika kozi iyo hiyo. Walipozuru kiwanda cha kahawa karibu na Karatina, mzee aliyekuwa akigeuza kahawa vichanjani alimwuliza, "Mwanangu, hicho kidude chako kinapima nini?" Kijana hakujua Kigikuyu, na Kiswahili chake kilikwama, kila nomino aliyoihitaji ilimjia kwa Kiingereza. Alijua fika kwamba kahawa huhifadhika vyema unyevu wake ukishuka hadi karibu asilimia 11. Hakujua namna ya kumwambia mzee. Mzee alitabasamu, akatia punje moja kinywani, akaing'ata kupima ukavu wake, akaendelea na kazi.

Lawama haikuwa ya kijana peke yake. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa shuleni. Aidha, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa sayansi hukiaga kwenye lango la chuo kikuu.

Usiku huo mhadhiri aliufuta mstari wa kwanza, akaandika: "Mwanafunzi ataweza kumweleza kazi yake, kwa Kiswahili sanifu, mtu asiye wa taaluma yake."

Wenzake kitivoni walisaili. Nani atatahini? Istilahi zitatoka wapi? Maswali hayo yalikuwa ya haki, naye hakuwa na majibu yote. Aliomba jambo moja tu: mtihani uwe wa kuzungumza, na miongoni mwa wasikilizaji awepo mkulima.

Pendekezo liliahirishwa hadi kikao cha baadaye. Mhadhiri hakuukata mstari wake. Lililo la lazima kwa wote sharti liwafae wote, yule mzee wa vichanjani akiwemo.