Mto wa Ruaha na Mto wa Mashine

Mwenye kutoka Mbeya kwenda Iringa kwa gari hukata zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ya njia hiyo maji hayamwachi. Mito yashuka kutoka milima ya upande wa kulia, yapita chini ya barabara Chimala na Igawa, kisha yapotelea kushoto katika tambarare ya Usangu, ikaukuza mto Ruaha Mkuu.

Safari hii nilifuatana na mpwa wangu, kijana wa miaka 16, ambaye njia nzima alinihadithia mashindano ya mitumbwi aliyoyatazama katika simu yake. Mpiga kasia hupita kati ya milingoti iliyoning'inizwa juu ya maji makali: ya kijani huipita akifuata mkondo, myekundu akiupanda. Akigusa mlingoti huongezewa sekunde 2. Akikosa mlango, 50.

Lililonistaajabisha ni kwamba mto wenyewe si mto. Lee Valley, kaskazini ya London, ni mfereji wa saruji wa mita 300, uteremkao mita 5 na nusu, uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Pampu za umeme huyapandisha maji juu, yakaporomoka, yakapandishwa tena. Vizuizi vilivyomo huhamishwa, mawimbi yakatokea mahali yanapotakiwa. Mtumbwi ukifika chini hurudishwa juu kwa ukanda wa mashine, mwenyewe amekaa ndani! Basi mwanamichezo hulirudia poromoko lile lile hata mwili ukalijua. Waingereza walifanya mazoezi humo, na katika mitumbwi ya watu wawili wakatwaa dhahabu na fedha.

Mwafrika naye amekwisha kupata sehemu yake. Mwaka 2008, katika mfereji kama huo huko Beijing, Benjamin Boukpeti aliipatia Togo medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, akalivunja kasia lake kwa furaha. Lakini alizaliwa Ufaransa, na mchezo aliujulia huko.

Kwetu Afrika ya Mashariki wapiga makasia walikuwa wakiyafuata maporomoko ya Bujagali karibu na Jinja, mpaka bwawa la umeme lililoanza kazi 2012 likayafunika. Ruaha nao wazungusha mitambo ya Mtera na Kidatu. Kule umeme hufanywa maji. Huku maji hufanywa umeme. Khasa hapo ndipo penye shaka, kwani tangu 1993 Ruaha Mkuu hukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa kwenda mashamba ya Usangu. Mchele wa Mbeya twaupenda sote, na siku ile nilikuwa na gunia lake garini, basi sina uso wa kumlaumu mkulima. Ila baada ya mavuno maji yaachwayo mifereji humo mara nyingi huwa mengi kuliko haja ya majumbani.

Tuliswali alasiri Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, kisha tukasimama darajani juu ya Ruaha Mdogo. Mpwa wangu akachuma jani, akalitupa, akahesabu sekunde lilivyopita kati ya mawe mawili.

"Mjomba," akauliza, "kule London umeme ukikatika?"

"Mto husimama," nikamjibu.

Akayatazama maji kitambo, kisha akaenda kutafuta jani jingine.