Mtoto wa mume si mlozi

Kwa desturi yetu, mtoto wa mume ni mtoto wako. Wa kwangu alifika na miaka 9, mama yake amekwisha kufa. Alikuwa anaiba, anauma wenzake, usiku anakojoa kitandani. Majirani wa hapa Lubumbashi wakasema: "Ni mlozi, mumufukuze." Nkambo alikataa: "Huyu ana kilio, bado hakijatoka." Kila jioni alimwita kando ya mbabula, wanamenya mihogo, wanamtaja marehemu kwa jina. Mwaka ulipita mbele ya mtoto kulia. Sasa hasira ingaliko, lakini haumi tena. Katiba ya 2006 na sheria ya mtoto ya 2009 zinakataza kumsingizia mtoto ulozi. Ndugu wasomaji, kabla ya kumfukuza, tumuulize kwanza amefiwa na nani.