Mshika Kopo

Nimeadimika kidogo. Majukumu tu, na uvivu pia, tusidanganyane.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nafuatilia habari ya zile mashine za kamari ambazo mtaani tunaziita dubwi. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nje ya duka moja, najifanya nasubiri mtu. Ndani kuna jamaa anatumbukiza sarafu za mia mbili, moja baada ya nyingine, hata haangalii mkono wake unafanya nini. Nilichotumwa ni kuhesabu: anacheza muda gani, anaondoka na nini. Badala yake nikajikuta nasikiliza ule mlio. Sarafu ikiangukia bati tupu inalia kivyake, na ikiangukia sarafu wenzake inalia kivyake. Mlio huo naujua tangu nina miaka 11. Nilikuwa mshika kopo.

Kama ulikulia karibu na kibanda cha gemu utanielewa haraka. Hii ni Tandika, mwaka 2005. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na chumba cha mbele kinachotazama barabara. Humo ndani kulikuwa na TV mbili za chogo na PlayStation mbili kuukuu ambazo fundi alishazichokonoa zikubali CD za kunakili. Pedi zilikuwa nne, moja kitufe chake cha shuti kimekufa na mtaa mzima unaijua ni ipi. Mabenchi mawili, na khanga mlangoni ili jua lisiue picha. Mechi ya mpira shilingi mia. Anayefungwa analipa na anainuka, mshindi anabaki na pedi. Mimi nikirudi shule navua shati, nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kopo la Blue Band mapajani, daftari mkononi. Kila mechi nachora kijiti kimoja.

Najua, hizo hazikuwa mashine za kutumbukiza sarafu. Tundu la sarafu lilikuwa kiganja changu.

Sasa katika kuandaa hiyo habari ya dubwi nikaanza kusoma mashine za gemu za sarafu zilikotoka, na nikasahau kabisa nilichotumwa. Mwaka 1972 kule California, kampuni changa inayoitwa Atari ilikuwa na fundi wake, Al Alcorn, aliyetengeneza gemu la Pong: vijiti viwili na kidoa cha mwanga kinachodunda katikati. Wakaenda kuijaribu kwenye baa moja mjini Sunnyvale, Andy Capp's Tavern. Haikuchukua muda baa ikapiga simu, mashine imegoma. Alcorn akaenda na vifaa vyake akitegemea kukuta waya umeungua. Alipofungua akakuta sarafu zimejaa chomboni mpaka zimeziba njia. Mashine ilikuwa nzima, ila imeshiba!

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Kopo letu nalo lilikuwa likijaa Jumamosi. Mjomba alikuwa analimwagia kitandani, tunapanga minara ya sarafu kumi kumi juu ya shuka. Hakuna hesabu ya darasani iliyowahi kunipa raha ile.

Lakini wenzetu walikuwa wanapanga minara mingine kabisa. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, na Wajapani wakaipigia foleni wakiwa na sarafu za yeni 100. Mwaka 1980 ikaja Pac-Man ya Namco, aliyoibuni Toru Iwatani akitaka hata akina dada waingie kwenye kumbi zile, maana zilikuwa zimejaa wanaume wanaopiga risasi. Ilipofika Marekani, mashine zake zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwezi Januari 1982 jarida la Time liliandika kuwa Wamarekani walitumbukiza sarafu bilioni 20 za senti 25 katika mwaka 1981 peke yake. Hizo ni dola bilioni 5. Kwa hesabu za jarida hilo, zilikaribia mara mbili ya mapato ya sinema nchini mwao, na kuyaacha mbali makusanyo ya kasino zote za Nevada. Senti 25 tu, wadau. Sarafu ambayo mtu akiiangusha anaona aibu kuinama.

Siri yake ni ndogo sana, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mashine ya sarafu haiuzi gemu, inauza dakika. Mwenye mashine na mwenye baa mara nyingi waligawana nusu kwa nusu kilichomo sandukuni, kwa hiyo wote wawili walikuwa na haja moja: wewe ufe mapema, halafu usikasirike, urudi. Ndani ya mashine nyingi kulikuwa na swichi ndogo ndogo ambazo mchezaji hazioni. Mwenye mashine anafungua kwa ufunguo wake, anabonyeza moja, na kesho yake unaanza na roho mbili badala ya tatu. Mwaka 1985 Atari wakatoa Gauntlet, na humo afya yako ilikuwa inapungua hata ukisimama tu hujaguswa na mtu. Ukitaka kuiongeza, weka sarafu nyingine. Halafu kuna zile tarakimu zinazorudi nyuma baada ya kufa, kumi, tisa, nane... huku unapapasa mfukoni kama mtu anayetafuta ufunguo mvua inanyesha.

Sisi swichi yetu ilikuwa kwenye menyu. Na aliyeigusa ni mimi.

Mechi zilikuwa za dakika 10. Ukijumlisha kuchagua timu, kubishana nani achukue Brazil na kurudia goli la mwisho, saa nzima ilitoa mechi nne kwa TV. Tukifungua saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku, siku nzuri iliingiza shilingi 4,800. Foleni ilikuwa inafika barabarani, na wengine walichoka wakaondoka na hela zao. Mimi nilikuwa naona mia zinaondoka kwa miguu, roho inaniuma. Siku moja nikamwambia mjomba, "Mjomba, tukiweka dakika tano?" Akanitazama, akacheka, akanipa mia yangu. Kesho yake tukaweka tano. Wiki hiyo kuna siku kopo lilitoa 8,300. Wateja walilalamika kidogo, "mbona leo mechi fupi," nikawajibu CD mpya. Nilikuwa darasa la tano na tayari nadanganya kama meneja.

Mjomba alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila siku kabla hajaondoka kwenda kwenye mishe zake. Mtoto akija na chupa, kikapu, au hela iliyofungwa kwenye karatasi, huyo ametumwa, usimchezeshe. Hakuisema kwa wema tu, alikuwa anawajua wazazi wa mtaa. Wazazi wa kila mahali wako hivyo. Kule Ufilipino Rais Marcos alifikia kupiga marufuku magemu nchi nzima mwezi Novemba 1981, kwa malalamiko kwamba yanaharibu watoto. Mjomba hakutaka Marcos wake atokee nyumba ya jirani.

Akatokea. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na rafiki yangu, sitamtaja jina. Tulikuwa darasa moja. Alilipenda gemu kuliko sisi wote na alikuwa mbovu kuliko sisi wote, alipewa mpaka jina la "mlipaji". Jioni moja alikuja ana chupa ya mafuta ya taa. Aliificha nyuma ya mlango, lakini niliiona. Akanipa mia ya kwanza, nikaitazama chupa, nikaitazama mia, nikaitia koponi. Akafungwa, akarudi kwenye foleni. Foleni siku hizo ilikuwa inakwenda haraka, dakika tano zile... Mia ya pili, ya tatu. Alikuwa anasema atashinda hii halafu aondoke. Nilichora vijiti saba vya kwake peke yake, nikijua kabisa nachora nini.

Mama yake alikuja baada ya Magharibi, mjomba amesharudi. Alikuwa ameishika ile chupa tupu. Mwanawe alisimama nje ya khanga, naona miguu yake tu.

"Kaka, sikuja kugombana," alisema. "Huyu nimempa buku akalete mafuta na sukari, kanirudia na mia tatu. Anasema mia saba kaiacha hapa."

Mjomba akanigeukia. "Kacheza ngapi?"

Nikafungua daftari. Vijiti havina majina, hilo nililijua mimi tu. Nikafikiria kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia kwenye mtihani wowote. Mechi tatu ni kupitiwa, mtoto nilikuwa na wateja wengi, sikuiona chupa. Mechi saba ni makusudi.

"Tatu," nikasema.

Mjomba akanizaba kofi la kisogoni, akatoa sarafu tatu koponi, akampa yule mama kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Yule mama akazihesabu, ingawa hazikuhitaji kuhesabiwa. "Tatu," akasema, siyo kwangu, kwa ile miguu iliyokuwa nje. "Basi hizo nne utanieleza nyumbani."

Ile miguu ilibaki pale sekunde kadhaa kabla haijaondoka. Usiku ule tulisikia. Tandika kuta ni nyembamba.

Kilichokuja kukiua kibanda si mzazi wala serikali, ni mgawo wa umeme wa 2006. Saa za biashara umeme haupo, ukirudi watoto wamelala. Mjomba akauza TV moja, kisha ya pili. Jambo moja hapa huwa linanichekesha. Marekani kumbi za sarafu zilianza kuyumba tangu 1982 na 1983, na baadaye mashine za nyumbani kama PlayStation zikazimalizia, maana mtu alipata gemu zuri vilevile sebuleni kwake bure. Hata Japani, Sega waliokuwa na kumbi zao waliuza hisa zao nyingi za biashara hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 wakamaliza kujitoa. Tandika ilikuwa kinyume. PlayStation iliyoua kumbi za wenzetu ndiyo iliyotuletea sisi ukumbi, kwa sababu mtaa mzima waliokuwa nayo ni mjomba na labda mtu mwingine mmoja. Kifaa kilichotengenezwa ili usilipe kila mechi, sisi tukakiwekea mtoto mwenye kopo.

Baada ya kusoma yote hayo nilimpigia simu yule rafiki yangu. Ni fundi pikipiki Mbagala, hatujagombana hata siku moja, kila sikukuu tunatumiana salamu. Nikamwambia naandika habari za magemu ya zamani, nataka kumbukumbu. Akafurahi kweli. Akaanza na ile pedi iliyokufa kitufe. Akasema, "Na nyie mlikuwa wezi, mwanangu, mlipunguza dakika. Mimi nilijua siku ileile." Tukacheka.

Halafu, bila kuulizwa, akaniambia ya chupa. Akaisimulia kama kichekesho, maana kwao imeshakuwa kichekesho. Mama yake huisimulia kila wakikutana ndugu: mwanangu huyu alipokuwa mdogo alikuwa mwongo, alikula mia nne yangu akasingizia gemu. Kwa kucheza, anasema, alipigwa vitatu tu. Vilivyobaki vilikuwa vya kusema uongo, na kila alipoapa kwamba ni saba alizidishiwa kwa kuapa uongo. Baada ya hapo hakutumwa tena dukani na hela, alitumwa mdogo wake wa kike. "Miaka mingi, mwanangu," akasema. "Hata nilivyomaliza shule, hela ya kikoba alipeleka dogo." Na bado anacheka.

Nikamuuliza, hivi wewe ulihisi zile nne zilikwenda wapi? Akasema alifikiri labda aliangusha. Alishapigwa mpaka akaanza kuamini kwamba pengine ni kweli alicheza tatu.

Sikumwambia. Nilikuwa na simu sikioni na nafasi nzuri kabisa ya kusema, nikamuuliza habari ya bei za vipuri.

Mama yake bado yuko Tandika, nyumba ileile. Nimeshamtumia ujumbe jamaa kwamba Jumamosi nitapita kumsalimia mama, naye kasema atakuja na watoto, tule pamoja. Kwa hiyo itabidi niyaseme mbele yao wote, pengine katikati ya kichekesho chenyewe. Nimeweka pembeni sarafu mbili za mia mbili. Halafu nikaziondoa, naona kama ni dharau. Halafu nikazirudisha.

Makala ya dubwi sijaimaliza. Mhariri wangu, najua unapitaga humu, nivumilie hadi Jumatatu.