Mgeni Katika Darasa la Akina Mama

Mara nyingi vijana waliomaliza masomo hutuuliza: «Mtu akitaka kujitolea katika nchi ya kigeni, awasaidie akina mama wa vijijini wapate elimu, achukue nini?» Wengine hufikiri vitabu, wengine hufikiri fedha. Sisi mwaka 2018 tulikaa miezi minane katika nchi ya Senegal kwa kazi ya namna hiyo, upande wa Thiès, na twawajibu kwamba yafaa kwanza kwenda na masikio. Lakini jibu hilo lataka maelezo.

Mwaka 1974 msichana mmoja wa Marekani, Molly Melching, alifika mjini Dakar kwa ajili ya masomo. Alijifunza Kiwolof, akabaki kwa kazi ya kujitolea, na mwaka 1982 akahamia kijiji kiitwacho Saam Njaay, akaishi humo pamoja na wenyeji. Akiwa pamoja nao yakaanza kutungwa masomo ya watu wazima katika lugha yao wenyewe, na mwaka 1991 likaanzishwa shirika la Tostan. Neno hilo ni la Kiwolof, nalo lasema habari ya kifaranga kinapotoka katika yai. Nasi twaongeza kwamba ganda la yai hupasuliwa kutoka ndani.

Darasa lenyewe ni mikeka chini ya mti. Mwalimu ni mtu wa lugha ile ile, tena hukaa kijijini pamoja na watu. Masomo huchukua muda wa miaka mitatu hivi, wala hayaanzi na a, e, i, o, u. Huanza na mazungumzo: twataka kijiji chetu kiwe namna gani? Mtu ana haki gani, na wajibu gani? Mtoto huugua kwa sababu gani? Kusoma na kuhesabu huja baadaye, mtu akiisha kuwa na jambo la kuandika.

Basi, Mkongo asiyejua Kiwolof atafanya nini hapo? Kifaransa chetu, ambacho huku kilitupatia kazi na heshima, chini ya mti ule hakikutosha kununua hata kopo la karanga. Tulibeba mikeka, tulinakili madaftari, na jioni tulijifunza kusalimu. (Watu wa Kivu twajisifu kwa salamu ndefu, kumbe hatujafika Senegal!) Siku moja tuliona akina mama wakifundishana simu ya mkononi. Mmoja alichora mwembe mchangani. Shina likawa simu yenyewe, tawi moja likawa majina ya watu, tawi la pili likawa barua fupi. Bibi mmoja aliyekuwa hajashika kalamu maishani mwake alipanda na kushuka mti huo kwa kidole, mpaka akampata mwanawe aliyeko Dakar. Sisi tuliosoma miaka mingi hatukuwahi kufikiri mfano huo.

Wazee wetu wakumbuka «foyer social» za wakati wa Wabelgiji. Ile ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ilifunguliwa mwaka 1946. Humo akina mama walifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi na kulea mtoto. Hatudharau sindano hata kidogo, kwani imesomesha watoto wengi. Lakini ratiba ya masomo yale ilikwisha kuandikwa kabla mama wa kwanza hajaingia mlangoni, na hapo twaona upungufu wake.

Matunda ya njia ile nyingine yalionekana katika kijiji cha Malicounda Bambara. Akina mama wa hapo walikuwa wamejifunza habari za mwili na afya, wakaanza kusema kwa sauti jambo lililofichwa tangu zamani, yaani madhara ya kuwakeketa wasichana. Tarehe 31 Julai 1997 walisimama mbele ya waandishi wa magazeti, wakatangaza kwamba wameacha. Haikuwa rahisi, maana majirani waliwatukana, wakawaambia wameaibisha kabila.

Hapo ndipo alipotokea mzee Demba Diawara, imamu wa kijiji cha Keur Simbara. Mwanzo yeye mwenyewe hakukubali. Akauliza waganga, akauliza wanawake wa nyumbani mwake, na mambo waliyomweleza yakamgeuza. Lakini aliona kitu ambacho wageni wote hawakukiona: watu wale huoana kijiji kwa kijiji. Msichana asiyekeketwa angekosa mume kwa jirani. Kwa hiyo mama mmoja hawezi kuacha peke yake, wala kijiji kimoja hakiwezi. Akafunga safari kwa miguu kwenda kwa jamaa zake, kijiji kimoja baada ya kingine, akaongea nao kwa adabu, bila kumlaumu mtu. Mwezi wa Februari 1998 vijiji 13 vilikutana Diabougou na kutangaza kwa pamoja. Sheria ya serikali ya kukataza desturi hiyo ilikuja baadaye, Januari 1999. Ni mgeni gani, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani, angeweza kutembea njia za ukwe na undugu kama mzee yule?

Karibu na mwisho wa kukaa kwetu, mama mmoja mkubwa alitugeukia darasani. «Mwanangu, umesikiliza mambo yetu muda mrefu. Kwenu je?» Tulimweleza kwamba katika Kongo sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mapatano yoyote ya kisheria, na kwamba mwezi wa Julai 2016 sharti hilo liliondolewa, na sasa mume na mke wapaswa kupatana wote wawili. Mwalimu alitafsiri. Mama akafikiri kidogo, akauliza: «Na akina mama wa kijijini kwenu wamekwisha kuambiwa?»

Tuliporudi tulikwenda nyumbani Walungu. Tuliwakuta shangazi zetu na jirani zao wakimenya mihogo, tukawauliza kama wamesikia habari ya sheria ile. Walitazamana. «Sheria gani?» Tukavuta kigoda, tukaanza kuwaeleza kwa Kimashi.