Andersen, Mwana wa Nani?

Nilipojiunga na Kidato cha Kwanza, mwalimu wa darasa alifungua rejista akaita, "Juma!" Nikasimama. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alivua miwani, akanitazama toka utosini hadi kwenye viatu. "Wewe ndiwe Juma?" Nikamjibu kwa haya kwamba Juma ni baba yangu. Tangu siku hiyo, jamani, jina hilo limenikaa kama kupe. Hata wapishi wa jikoni waliniita Juma.

Kwetu Pwani, bibi yangu hutaja jina langu kisha huongeza "binti Juma", na hapo mambo huwa wazi. Lakini karani aliyejaza cheti changu cha kuzaliwa aliliruka neno "binti". Pengine aliliona refu, sijui. Matokeo yake mimi msichana nikabaki na jina la mwanamume mzima, na kicheko juu yake.

Muhula wa pili nilikuwa maktabani nikisoma hadithi za Hans Christian Andersen, yule aliyetunga kisa cha kifaranga wa bata aliyechekwa kwa ubaya wa sura. (Mtaona kwa nini nilikipenda kisa hicho.) Mwanzoni mwa kitabu palielezwa kwamba alizaliwa mwaka wa 1805 katika mji wa Odense, nchini Denmaki. Baba yake alikuwa fundi viatu, jina lake Hans Andersen. Mama yake, mfuaji nguo za watu, aliitwa Anne Marie Andersdatter.

Andersdatter? Nilimwendea mwalimu wa maktaba. Akaniambia kwamba kwa Kidenishi "sen" ni mwana wa kiume, na "datter" ni binti. Binti Anders! Nusura nipige kigelegele pale pale.

Toka hapo sikutulia. Nilipekua kila kitabu nilichokipata. Kumbe zamani kule Skandinavia mtu wa kawaida hakuwa na jina la ukoo. Mtoto alichukua jina la babake, akatiliwa "sen" au "datter", yakaisha, kama vile Wakalenjin wanavyosema "arap" na sisi tunavyosema "bin" na "binti". Anders ni Andrea, yule mtume wa kwenye Biblia. Babu yake mtungaji wetu aliitwa Anders Hansen, yaani mwana wa Hans. Mwanawe akawa Hans Andersen. Sasa hesabuni wenyewe: mtoto wa Hans alipaswa kuwa nani? Hansen! Lakini mjini desturi ilikuwa imeanza kulegea, naye akabaki na Andersen, mwana wa Anders ambaye hasa ni babu yake. Jina lilikuwa limeganda.

Serikali ndiyo iliyomalizia kazi. Mwaka wa 1828 Denmaki iliagiza kwamba mtoto akibatizwa apewe na jina la ukoo. Watu wa mashambani wakashikilia ya kwao, hata ikabidi mwaka wa 1856 sheria iwekwe wazi zaidi. Uswidi ilitoa amri yake mwaka wa 1901, Norwei mwaka wa 1923. Uswidi hata kabla ya hapo jeshi liliwapa askari majina mengine kabisa, kama Rask, yaani mwepesi, na Modig, yaani jasiri, kwa kuwa kikosi kimoja kilijaa akina Andersson tele.

Lakini tazameni yaliyompata mwanamke. Jina liliganda upande wa "sen". Andersdatter akapotea, na hadi leo wako wanawake wengi wanaoitwa "mwana wa kiume wa Anders", wala hakuna anayecheka.

Kisha jina likapanda meli. Tarehe 4 Julai 1825 chombo kidogo kiitwacho Restauration kiling'oa nanga Stavanger, Norwei, na watu 52. Kilifika New York mwezi wa Oktoba, na njiani alikuwa amezaliwa mtoto mmoja. Katika miaka mia moja iliyofuata Wanorwei wapatao 800,000 waliwafuata, na Waswidi zaidi ya milioni moja, wengi wakitafuta shamba tu. Huko Minnesota, akina Andersen wa Denmaki na Norwei na akina Andersson wa Uswidi wengi waligeuka Anderson, ingawa si kila Anderson wa Marekani ana asili hiyo, maana Scotland nako wapo.

Husimuliwa kwamba makarani wa Ellis Island ndio waliobadilisha majina ya wageni. Wanahistoria wanakataa. Makarani wale walifuata orodha zilizoandikwa na wenye meli. Wahamiaji wengi walijibadilisha wenyewe baadaye, ili jirani asipate taabu kutamka, au bosi asikosee kuandika. Nilipoyasoma hayo nilinyamaza kidogo. Mwaka mzima nilikuwa nikimlaumu karani mmoja, ilhali darasani mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuficha jina la baba kwa kuandika herufi J tu.

Aislandi peke yake, kwa watu wengi, desturi ya kale haijavunjika. Rais wao wa kuanzia 1980 hadi 1996, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi, aliitwa Vigdís Finnbogadóttir. Binti Finnbogi, basi. Na orodha yao ya simu ilipangwa kwa majina ya kwanza.

Juzi tuliitwa ofisini kuhakikisha majina yetu ya mtihani. Karani wa shule aliniambia lazima yalingane na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, la sivyo nitasumbuka. Nikatia sahihi penye Juma. Nikarudi darasani, nikachukua daftari langu jipya la Kiswahili, nikaandika jina langu, kisha "binti Juma", kwa wino mweusi. Mwalimu alipokusanya kazi aliniuliza hilo neno la katikati limetoka wapi. Nikamwambia, "Lilikuwapo, mwalimu."